Usimfukue Tajiri

…si dagaa, hapana, asijidanganye tena, dagaa wa Nkome aliwatoa jana asubuhi, gunia zima akalipeleka kwa jirani yake Mama Donatus kwa kisingizio cha panya, na leo nyumba haina hata kichwa kimoja cha dagaa lakini harufu ipo pale pale, imelala juu ya beseni la buluu, na Lukresia amechuchumaa mbele ya hilo beseni, kijiko mkononi, simu ameiweka kwenye kigoda na kufungua spika, na ndani ya simu mdogo wake Noela, anayemuuguzia mtoto, anaongea kutoka wodini huko Geita mjini, anasema shikamoo dada, anasema uji wa hospitali ni maji matupu, anasema mgonjwa wa kitanda cha pili ameruhusiwa jana, anasema Limi leo ameamka na nafuu kidogo, amekula vijiko vinne… vinne, Noela anavitaja kama mtu anayetangaza mavuno, na Lukresia anaitikia ee, ee, huku macho hayabanduki kwenye mchanga, akichota hapa pembeni kidogo tu, kijiko kimoja, si atajua kama yu hai? atajua, lakini Limi alisema usimfukue, siku anabebwa kupandishwa kwenye gari, kichwa hakikai shingoni, neno la mwisho hapa nyumbani lilikuwa hilo, si kwaheri, si naumwa, mama, usimfukue Tajiri.

Tajiri ni kaa, ndiyo, kaa wa baharini, yule anayetembea na kombe la konokono mgongoni, na hapa Nyarugusu ukimwambia mtu umefuga kaa atakutazama kama umepandwa na mashetani, hapa watu hufuga ng'ombe, hufuga mbuzi, mdudu wa maji chumvi wa nini, lakini Edward baba yake Limi ni dereva wa lori, hupakia mizigo Isaka akaivusha kwenda Rwanda, akishuka pwani hushuka na akili zake za pwani, mwaka jana akarudi na kopo la siagi lililotobolewa matundu, ndani yake huyo mgeni, magando ya zambarau, macho juu ya vijiti, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini, akasema huyu tajiri mama, ana nyumba yake mwenyewe, hahamishwi na mtu, basi jina likashika. Masharti yake yapo ukutani, karatasi ya daftari imebandikwa kwa ugali, Limi aliyaandika siku baba yake alipompigia simu dada mmoja wa Bagamoyo anayeuza makombe, akampa mtoto asikilize kwa sikio lake, maji ya chumvi kizibo kimoja, maji baridi kizibo kimoja, mchanga uwe laini, wenye unyevu, urefu wa kiganja na nusu, akizama chini usimfukue, anajivua gamba, mwili wake wakati huo ni laini kama ini, ukimgusa umemuua, atalila gamba lake la zamani apate nguvu, huchukua wiki nne, huchukua hata nane… na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama alitamani zisisomeke, ukisikia harufu ya samaki aliyeoza ndiyo basi.

Wiki saba leo, na Noela anasema dada unanisikia, mtandao unakata, nakusikia, endelea, anasema mikono bado inatetemeka, jana usiku walimfunga kwa kanga asijikwaruze, na shinikizo la damu liko juu, daktari anashangaa, mtoto wa miaka kumi na shinikizo la mtu mzima… mtetemo, mtetemo ulianza na kikombe cha chai, alimwaga akafinywa, akamwaga tena siku ya pili akafinywa tena, wewe mtoto mikono yako ya nani, hivyo hivyo alimwambia, na kidole na gumba vyake hivi hivi ndivyo vilivyoshika lile sikio dogo, halafu Mwalimu Evelina akatuma daftari, herufi zimetawanyika kama kuku amepita, Limi alikuwa wa tatu darasani huyu, mwandiko wake ndio huo ukutani, umesimama wima, tazama, herufi ya l kama mlingoti, na baada ya daftari ngozi ikaanza. Ngozi. Viganja viligeuka vyekundu, vikatoka jasho, vikaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu, na mtoto hakulia, mtoto alifurahi, siku zile zile Tajiri alikuwa ameacha kula na kunywa maji tu, amepauka, anachimba, na Limi akaja na viganja vyake, mama, tazama, na mimi najivua, na yeye Lukresia, mama mzima, mwenye akili za kuweza kujua marudio gani ya mchanga wa machimbo yana dhahabu kwa kuyaonja tu ulimini, alicheka akasema jivue mwanangu, unakua, ukimaliza utatoka mpya, subira, usibandue kwa nguvu… subira huvuta heri, alisema na hilo, Mungu wangu, alisema na hilo.

Noela anasema daktari yule kijana anazunguka sasa hivi, yuko kitanda cha kwanza, na moyo wa Lukresia unashtuka kama aliyekutwa na kitu cha watu, yule kijana, aliinama siku ya kwanza, kwa heshima kabisa, shikamoo mama, mama samahani, nyumbani mnachoma dhahabu? mnatumia zebaki? niambie tu, mimi si polisi, nikijua mapema nitajua pa kuanzia, sumu hii ikishafika kichwani na kukaa haitoki, na yeye alijibu nini, alijibu hapana daktari, mimi nauza vitumbua. Vitumbua! Hajawahi kugeuza kitumbua kimoja maishani mwake. Noela alikuwa pale pale, na Noela naye ni mtu wa mwaloni, huko kunakooshwa dhahabu, wote wawili huosha mawe yaliyosagwa kwenye karasha, akatazama sakafu, kwa sababu wanawake wa mwaloni wana kauli moja, ukiulizwa hospitali sema huchomi, walishatishwa kwamba atakayekutwa anachomea nyumbani atafungwa, na kuchomea mwaloni nani anaweza, pale kila mtu ana macho, dhahabu ikionekana tu inapata wenyewe, mwenye karasha ana lake, mwenye duara, shimo lenyewe, ana lake, mwizi ana lake, kwa hiyo unakamua kile kidonge cheupe cha zebaki iliyoshika dhahabu kwenye kitambaa, unakitia mfukoni, unakuja nacho nyumbani, unafunga mlango, unaziba na dirisha, unawasha mkaa, unakiweka kwenye kijiko… kijiko. Anakigeuza mkononi. Tako lake ni jeusi. Ni hiki hiki, amekichukua pale kinapokaa siku zote, nyuma ya chungu, bila hata kufikiri.

Na nani alikuwa akipepea ule mkaa? Limi. Aliupenda huo mchezo, ufagio mdogo mkononi, uso karibu, anangoja ule weupe upotee na ile njano itokee, inageuka mama, inageuka! na moshi ule hauna rangi wala harufu, ndio ubaya wake, ungenuka hata kidogo mtu angesogeza mtoto, na mchanga, haya, mchanga, usiukwepe Lukresia, mchanga huu uliutoa wapi? Edward alisema uwe laini, na udongo wa hapa ni mwekundu, ukinywa maji ni matope, mchanga laini Nyarugusu nzima uko mahali pamoja, kwenye lundo la marudio nyuma ya karasha, ule uliokwisha kuoshwa ukatolewa mali, laini kama unga, unashika maji vizuri, akauchekecha kwa mikono yake, ndoo mbili, akaubeba kichwani kwa majivuno, zawadi ya mama, baba ameleta kaa na mama ameleta nyumba, na Limi akaukanda kila jioni mpaka viwikoni, akachimba mahandaki, akayaegemeza kwa matimba ya njiti za kiberiti yasibomoke, haya maduara ya Tajiri mama, halafu anakula muhogo na mikono ile ile, na usipofikiri ni mchanga tu, umeoshwa, lakini umeoshwa na nini, wewe ndiye uliyeuosha, wewe unajua uliuosha na nini…

Kwa hiyo harufu hii si ya leo. Hilo nalo alitazame. Ilianza wiki iliyopita, labda ile nyingine, na kila asubuhi aliisingizia dagaa, na alipokwisha kusingizia dagaa alisema subira, wiki nane hazijafika, mtoto amekataza, tusimfukue, na hiyo tusimfukue aliipenda, ilimfaa, ilikuwa ruhusa ya kutojua, na Geita vile vile, kila Noela akipiga, daktari anauliza tena dada, yeye akasema tungoje, vipimo vitasema, tungoje, wiki saba za tungoje huku na tungoje kule, na kaa chini ya mchanga alivua gamba lake akawa laini kama ini, uchi kabisa, ndani ya sumu, akalala akingoja awe mzima. Mficha maradhi, mama mkwe hupenda kusema, na huwa hamalizii, hakuna haja.

Noela anasema huyu hapa mwanao, anataka simu, na kuna mkwaruzo, pumzi, halafu sauti ya Limi inakuja inaburuza miguu kama ya mlevi, sauti ya mtoto wa tatu darasani.

"Mama… Tajiri ametoka?"

"Bado, mwanangu."

"Hujamfukua?"

"Sijamfukua."

"Usimfukue. Hata mimi… ngozi ya miguuni imetoka yote, nesi amefagia. Nikirudi tutakuwa wapya wote wawili."

Na Lukresia angelia lakini kulia ni kazi ya mtu aliyefiwa bila kosa, yeye alie na uso gani, anatazama karatasi ukutani, herufi zilizosimama, hakuna mkono utakaoziandika tena hivyo, analijua hilo sasa, analijua kama anavyojua uzito wa dhahabu kiganjani, daktari alisema ikishakaa haitoki, na imekaa, hata akisema leo amechelewa wiki saba, watamfunga au hawatamfunga, Edward atamwacha au hatamwacha, hayo nayo yamekuwa madogo, na kusema hakutamrudishia mtoto yule, kutamwambia tu yule kijana asiendelee kutafuta gizani.

"Noela, chukua simu. Daktari amefika kitanda cha ngapi?"

"Cha tatu, bado viwili afike kwetu. Unamtakia nini?" Halafu sauti inashuka, Noela ameelewa. "Dada. Si tulishakubaliana."

"Najua tulichokubaliana. Usikate simu."

Na Noela hakati, kwenye spika kuna kikohozi cha mtu, kuna gurudumu la toroli linalolia, kuna Limi anayeuliza mama amesemaje, na hapa Nyarugusu karasha limeanza kunguruma, asubuhi kama nyingine, kijiko bado kiko mkononi, mchanga haujaguswa, na Lukresia amechuchumaa pale pale anasikiliza, kitanda cha tatu, sasa toroli limesogea, kitanda cha nne.