Goti la Rodwell

Kila Davison alipofunga bao katika mchezo wa televisheni ghalani kwa Parfait, goti la Rodwell liliuma. Lile la kulia, lililovunjwa na kiatu cha Davison huyo huyo siku ya mazoezi chuoni. Bahati mbaya, walisema wote, na Rodwell naye akasema hivyo kwa mdomo. Haukupita muda, jezi yake namba tisa ikawa mgongoni mwa Davison, na roho ya Rodwell ikaanza kuoza kama samaki aliyekosa chumvi.

Ilikuwa Februari 1998. Uvuvi ulikuwa umefungwa ziwani ili samaki wazaane, na mji mzima wa Nchelenge ulikaa mikono mitupu. Parfait, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, hakuwa na cha kununua. Akatia jenereta, televisheni na mashine ya kuchezea mpira kwa vitufe katika ghala lake. Humo Rodwell, aliyekuwa amerudi nyumbani na goti lake, alipata nafuu. Vidole vyake vilikuwa na mbio ambazo mguu ulikwisha kuzisahau. Wavuvi wote aliwafunga, na watu wakaanza tena kuliita jina lake.

Kisha chuo kikafunga, Davison akarudi nyumbani. Lo, hata hiki akichukue? Siku chache tu, naye akawa anawafunga wote. Rodwell alimwonea wivu vidole, akamwonea wivu kicheko, akayaonea wivu hata magoti yake mawili alipochutama kuwasha jenereta.

Ziwa lilipokaribia kufunguliwa, Parfait aliwapambanisha wao wawili.

“Mwenye atashinda, nitaenda naye Lubumbashi,” alisema. “Kule banalipa mutu juu ya kucheza.”

Ghala lilijaa hadi mlangoni. Mbili kwa mbili, mchezo ukiyoyoma, Davison alibaki yeye na kipa. Mpira ukapita polepole mbele ya goli, ukatoka nje. Rodwell akaupeleka upande wa pili, akafunga. Parfait alimkumbatia, akamwambia akafungashe nguo.

Lakini Rodwell alikuwa ameviona vidole gumba vya Davison. Vililala juu ya vitufe, havikubonyeza.

Angeweza kunyamaza. Safari ilikuwa yake, na nani angejua? Ila wivu nao una kiburi chake, haupokei sadaka.

“Usinilipe goti langu kwa mchezo,” alisema kwa sauti ya chini.

Davison aliinamisha kichwa. “Sikujua nikulipe kwa kitu gani kingine.”

Hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza kati yao tangu ajali. Hata hivyo wivu wa Rodwell haukwisha. Akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Parfait alilalamika kwa Kifaransa.

“Cheza,” Rodwell alisema.

Davison alimtazama, akakunja mikono ya shati. Watu hawajakaa vizuri, akafunga bao.

Goti la Rodwell liliuma vilevile. Akasogeza kiti mbele.