Begi Msituni ni Kosa

Hapa Tseikuru tuna wenyeviti wengi kuliko viti, lakini aliyeshika chake kwa mikono miwili na meno alikuwa Nthiwa, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki. Mtu mnene, kofia ya kijani kichwani asiyoivua ila kanisani, na sauti ya kuongea na walio ng'ambo ya mto hata kama mmeketi benchi moja. Ukimkuta kibandani na chai mbele yake, ujue hiyo chai itapoa. Anatunga sheria.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya begi. Yeyote atakayeonekana msituni kwenye mizinga, msimu wa kurina ukiwa bado, akiwa na begi, mkoba, debe au chombo chochote, huyo ni mwizi wa asali. Faini ni mbuzi. Na aliyetozwa faini hashuhudii tena kitu mbele ya kikundi, kwa sababu neno la mwizi ni la nini?

"Mtu anakwenda asubuhi, anarudi jioni," alisema siku ya kuipitisha. "Begi la nini? Ama anahama? Mkamba wa kweli huingia msituni na mikono yake na Mungu wake!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, sheria ikapita. Ni Abdow peke yake, mfanyabiashara wa mifugo anayenunua pia asali yetu, aliyeuliza, "Na maji mtabebea wapi, mashavuni?" Nthiwa akamwambia kwamba watu wa ngamia wanajua ngamia, nyuki wawaachie wenyewe.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Ndunge, mjane wa Kisilu, ambaye sisi sote tunamwita Mama Kimeu. Alikuwa ametoka kuangalia mizinga aliyoachiwa na marehemu, peke yake kama kawaida yake, na begi kuukuu la shule mgongoni. Likafunguliwa mbele ya watu. Chupa ya maji. Kisu. Tochi. Filimbi. Bendeji, pakiti ya glukosi, na kiberiti kilichofungwa vizuri ndani ya nailoni. Asali? Hata ya kulamba haikuwemo.

Nthiwa akakiinua kile kiberiti juu kama aliyeokota kichwa cha nyoka. "Kiberiti! Cha kufukizia nyuki, au mnasemaje? Na tochi! Mtu wa mchana na tochi!"

"Ni ya kunirudisha nikichelewa, mwenyekiti," Ndunge alisema. "Mimi huenda peke yangu. Nikivunjika mguu kule ndani, nani atanisikia?"

"Ati kuvunjika mguu!" Nthiwa akacheka mpaka kofia ikatikisika. "Mimi nimeingia msitu huu tangu nikiwa mtoto wa kunyolewa kwa wembe. Umewahi kuniona nimevunjika?"

Mbuzi akatolewa, akachinjwa siku hiyo hiyo, kamati ikajilia. Maini yalikwenda kwa mwenyekiti, mtu wa haki. Lakini mbuzi hakumuuma Ndunge sana. Kilichomuuma ni Jumapili iliyofuata, alipoambiwa apumzike kidogo kuongoza kwaya ya akina mama, eti mpaka maneno yapoe. Hayakupoa. Akina mama aliowafundisha nyimbo wakawa wanafunika mitungi ya asali akipita. Ndunge akayameza, akarudi nyumbani, na msituni akaendelea kwenda vilevile.

Sasa mkutano mkuu wa uchaguzi ukakaribia, na Nthiwa alitaka kurudishwa bila kupingwa. Akapanga kuzunguka mizinga peke yake siku mbili kabla, ili asimame mbele ya watu na habari mpya, na Mungu akimpenda, na mwizi. Hata mwizi mdogo angetosha.

Mkewe Katunge akamwekea begi mlangoni. "Baba Musyimi, kuna maji, kiberiti, panga ndogo na filimbi ya mtoto. Jua la huko halimjui mwenyekiti."

"Unataka ninaswe na sheria yangu mwenyewe?"

"Basi ukipata kiu uite hiyo sheria ikuletee maji."

Alilichukua ili kelele ziishe. Njiani, yeye na mwendesha boda wakampita Mama Kimeu akitembea ameinama kidogo, amefunga mjukuu mgongoni kwa leso. "Ona huyo," Nthiwa akasema. "Hata mjukuu anafundishwa njia za wizi mapema." Boda ilipomshusha na kuondoka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akalitundika begi kwenye tawi la mti wa mukau nyuma ya majani. Kisha akaingia msituni akizungusha mikono, mwepesi, mgombea hasa.

Alipokwisha kupita mizinga kadhaa akaona nyayo. Loo, moyo ulivyomruka! Viatu vikubwa, kisigino kimelika upande mmoja. Akainama, akatoa simu, akapiga picha za ushahidi mpaka simu ikaanza kulia chaji. "Mwizi mnene," akajiambia kwa sauti ya upelelezi. "Hana haraka. Amezoea." Akazifuata nyayo zile mzinga hadi mzinga, na kila alipofika zilikuwa zimemtangulia. Mwizi gani huyu anayejua mizinga yote! Jua likapanda, jasho likamtoka, yeye yuko nyuma ya nyayo. Zilipofika chini ya mti mmoja akaona pia kipande cha muwa kilichotafunwa, na akakumbuka kwamba muwa ule aliutafuna yeye, na kwamba pale alishapita.

Yeye ndiye aliyekuwa mwizi mnene. Alijifuata mwenyewe asubuhi nzima.

Hasira zikampanda, na mwenye hasira hatazami anapokanyaga. Ukingo wa laga, ule mto mkavu usio na maji ila mvua ikinyesha, ukamega chini yake. Akaporomoka na mchanga mpaka chini, na kifundo cha mguu kikalia kah! Akamwita mama yake, marehemu. Akamwita Mungu. Simu ilikuwa imezima kwa sababu ya picha za viatu vyake, na hata ingekuwa na chaji, kule mtandao wanapata nyani.

Alitambaa. Alichimba mchanga kwa kucha akitafuta maji, akapata mchanga mwingine. Panga ilikuwa kwenye mukau. Maji kwenye mukau. Filimbi, mukau. Midomo ikakauka ikapasuka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Nthiwa aliogopa kufa, akaogopa vibaya. Ndipo akaona mzinga ulioanguka kutoka mtini, umepasuka, nyuki wengi wameshahama, masega yako wazi. Juu ya gogo la mzinga palikuwa na alama ya mwenyewe: miiba miwili na duara, alama ya Kisilu. Sasa ni mzinga wa Ndunge.

Hapa kwetu mpita njia aliyeshikwa na njaa anaweza kula asali ya mzinga wowote, papo hapo, na hakuna atakayemuuliza. Kubeba ndiko wizi. Nthiwa aliyajua hayo tangu utotoni. Alikula, nyuki wachache waliobaki wakamchoma mdomo wa juu, akala tena. Halafu akafikiria usiku unakuja na mguu haukanyagiki. Akavua kofia, akaijaza masega, akaikumbatia kifuani, akatambaa nayo.

Asali bila maji ni adhabu. Koo lilishikana. Akataka kupiga kelele ya kuomba msaada, akajizuia, maana anawajua watu wetu: ukilia nisaidieni, wanasimama kwanza kuulizana ni nani. Lakini ukitaja mwizi, hata aliyelazwa anaamka.

"Mwizi!" Nthiwa akapiga ukelele. "Mwizi! Mwizi jamani!"

Na kweli, mtu akaja mbio. Ni Mama Kimeu, fimbo mkononi, mjukuu mgongoni.

"Yuko wapi?"

Nthiwa akaibana kofia kifuani. Ndunge akautazama mguu uliovimba. Akautazama mdomo uliovimba zaidi, ndevu zinazometa asali, gogo lenye alama ya mumewe, mburuzo kwenye mchanga kutoka kwenye lile gogo, na mwisho ile kofia ya kijani.

"Nimemwona," akasema.

"Mama Kimeu. Maji, nakuomba."

"Maji? Safari ya kwenda na kurudi, maji ya nini, mwenyekiti?" Akaketi kivulini, akaanza kufungua leso. Nthiwa akageuza uso kwa heshima, maana mwanamke akimshusha mtoto mgongoni hatazamwi. Alipogeuka tena, mtoto hakuwepo. Palikuwa na chupa ya maji, kisu, tochi, filimbi, bendeji, glukosi na kiberiti ndani ya nailoni.

"Huyu ndiye mjukuu wangu," Ndunge akasema. "Umri huu, na wa kwangu wote wako Nairobi, hamkuniuliza nambeba wa nani. Mlikataza begi. Mtoto hamkumkataza."

Nthiwa akanyoosha mkono kwenye chupa. Ndunge akaisogeza.

"Maliza kwanza hiyo ya kofia."

"Nitakufa, mama!"

"Hutakufa. Aliyekula papo hapo ni mpita njia. Aliyebeba ni mwizi. Nikikupa maji na hiyo kofia imejaa, nitakuwa nimemnywesha mwizi, na mimi kwa mambo ya wizi jina ninalo tayari. Kula, mwenyekiti. Ikiisha utakuwa mtu tena."

Akakifungua kizibo, akaiweka chupa wazi mahali anapoiona. Nthiwa akala. Alikula huku machozi yanamtoka, sega likinata kwenye kaakaa, macho yakiwa kwenye chupa. Alikohoa, akatafuna nta, akameza. Alipodhani amemaliza, Ndunge akachungulia ndani ya kofia. "Na kwenye pindo." Akalamba pindo.

Ndipo akapewa maji, kidogo kidogo, na glukosi ndani yake. Akafungwa mguu. Ndunge akawasha moto, akautupia majani mabichi moshi upande, akapuliza filimbi mpaka ng'ombe wa watu wakashtuka. Wakati wanangoja akamwambia, "Haya ya kofia sitayasema. Jumamosi mkutanoni utasema wewe neno moja tu: Ndunge si mwizi. Basi."

"Haki ya Mungu, nitasema."

Wachungaji wa Abdow waliouona moshi wakaja na punda, wakampakia mwenyekiti kama gunia la makaa. Katika pilika hizo kofia ikabaki mchangani. Ndunge akaiokota.

Jumamosi Nthiwa alifika na mkongojo. Na unadhani alisema nini? Alisema alikimbizana na mwizi, jitu refu, wakapigana ukingoni mwa laga! Watu wakatoa macho. Alipoona wametoa macho, akaongeza panga kwenye mkono wa jitu. Kisha akatulia kama mtu mwenye maono. "Nimefikiria sana kuhusu usalama wa wanachama. Tangu leo, anayeingia msituni peke yake, hata kwa siku moja, abebe begi. Maji, kiberiti, kisu, tochi, filimbi, bendeji. Na glukosi!" Makofi yakapigwa mpaka mabati yakalia. Alitazama kila upande isipokuwa benchi la nyuma, alikoketi Mama Kimeu.

"Kuna mengineyo kabla ya uchaguzi?" akauliza Mulwa, katibu.

Ndunge akainuka, akapita katikati ya watu polepole, akaweka kofia ya kijani mezani. "Uliisahau, mwenyekiti." Akarudi akaketi.

Sisimizi wakatoka kwenye pindo, wakapanga mstari juu ya meza. Abdow akaichukua kofia, akainusa, akaigusa kwa kidole, akakilamba. "Hii ni asali mbichi," akasema. "Na hatujarina. Mwenyekiti, kofia yako ilikuwa imebeba nini?"

 Nthiwa akamtazama Ndunge, akingoja amwage yote.  Ndunge alikuwa ameahidi kutosema, na hakusema.

"Nilikula papo hapo!" Nthiwa akaropoka. "Yote! Njaa ilinishika, nikamaliza yote, sikubeba kitu! Muulizeni Mama Kimeu, aliniona nikimaliza!"

"Na lile jitu lilikuwa linakungoja umalize kula?" Abdow akauliza, na benchi zote zikaangua kicheko.

Mulwa akakohoa. Ni mtu mpole, lakini sheria huwa haipindishi. "Mwenyekiti, hatuwezi kumuuliza. Alitozwa faini. Neno la mwizi halisikilizwi hapa, wewe ndiwe uliyetufundisha."

Nthiwa akatazama kofia, akatazama mlango, akatazama mguu ambao usingemfikisha mlangoni.  Hakuwa na shahidi mwingine duniani.

"Ndunge si mwizi," akasema, akiongea na mkongojo wake.

"Paza sauti, mwenyekiti," akasema Mama Kimeu. "Kwaya haijasikia."