Jike Aliyenyonyoka Kifua

Daktari wa mifugo alimpindua sungura wa mwisho kati ya wale waliouzwa ng’ambo, akakuta kifua kimenyonyoka manyoya.

“Amejinyonyoa atandike kiota huyu. Karibu anazaa, na sheria haimruhusu kusafiri.”

Mjukuu aling’aka. “Azae na nani? Si alikaa peke yake?”

“Nilimwonea huruma na baridi ile,” Bibi alisema taratibu. “Nikamwingizia mwenzake wapashane joto. Nilidhani huyo naye ni jike.”

“Bibi jamani! Ukamwozesha kabisa!”

Hakuna aliyecheka. Mnunuzi wa ng’ambo alishasema, akipungua mmoja, hataki hata wengine. Daktari akaondoka bila kugonga muhuri kwenye kibali cha safari.

Mjukuu akaanza kurudisha vizimba bandani.

“Nisamehe, mama,” Bibi alimwambia mjukuu wake.

“Si kitu, Bibi,” alijibu, lakini hakumtazama.