Mkwaruzo Chini ya Pini

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri, ti-ti-ti, kama mtu mwenye haya anayebisha hodi. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Zamani mkewe angesema, "Nenda kamfungulie mgeni wako," nao wangecheka, ingawa mzaha ulikuwa uleule kila siku. Mwaka wa tatu sasa tangu azikwe. Katika nyumba ile hakuna kilichobisha tena ila birika.

Alikunywa chai yake, akasuuza kikombe kimoja, akaingia chumba cha nyuma. Ndiyo karakana yake. Ukutani kilining'inia kibali cha serikali ndani ya fremu, na chini yake meza ndefu iliyonuka mafuta. Alikuwa fundi wa silaha mstaafu. Walinzi na wazee wenye leseni walimletea bastola zao, si kwa sababu zimeharibika, bali kwa sababu zimechakaa sura. Yeye huzisugua, huzichemsha majini, huzirudishia ule weusi wenye ubuluu wa chuma kipya. Kazi ya kuficha miaka, alivyoiita mkewe.

Siku ile ya Jumatatu, jua lilipofika dirishani, aliingia mwanamke wa makamo na bunda lililofungwa kwa taulo la jikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sukuma kwa bega, mlango huu una kiburi."

Mwanamke aliweka bunda mezani, na juu yake barua ya kituo cha polisi. "Haina risasi. Wameshaitazama."

Fundi aliitazama tena mwenyewe, maana bastola inayosemwa ni tupu ndiyo aliyoiogopa maisha yake yote.

"Ni ya baba," alisema yule mwanamke. "Aliruhusiwa kustaafu nayo, lakini macho yamemwisha kabisa. Alhamisi askari watakuja nyumbani kuichukua, irudi serikalini. Sasa vijana wa kituoni walipoiona walicheka. Wakaniuliza, 'Mama, mlikuwa mnapigilia misumari?' Iliniuma. Futa mikwaruzo yote, mzee. Irudi inang'aa."

"Yeye anajua kama umeileta?"

"Hajui. Nataka aishike tu, aisikie laini."

Fundi aliigeuza kwenye mwanga. Ncha ya mtutu ilikuwa imebaki nyeupe, imelika kwa kuingia na kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Upande mmoja ulikuwa umechakaa zaidi, upande uliosuguana na nyonga ya mtu anayetembea sana. Mshiko uling'aa kwa jasho la kiganja. Ndani, palikuwa kama papya. Mtu huyu aliivaa miaka na mikaka na hakuifyatua ila pale ilipobidi. Alikuwa mtu mpole, alijisemea Fundi, kisha kidole gumba chake kikasimama.

Chini ya pini inayoshikilia sehemu ya juu palikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba, umepinda kama ukucha uliokatwa.

"Baba yako," aliuliza taratibu, "watu humwita Sajini?"

Mwanamke alicheka. "Mpaka leo! Na hakuwa sajini hata siku moja. Sijui utani huo waliutoa wapi."

Fundi aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni. "Njoo Jumatano asubuhi," alisema.

Alijua utani huo ulikotoka. Mkwaruzo wa namna ile hautokani na mfuko wala na kuanguka. Hutokana na fundi mwenye haraka, anayelazimisha pini iingie kabla ya tundu kukaa sawa, ikateleza na kuchora chuma. Kila mwanafunzi wa ghala la silaha huonywa juu yake siku ya kwanza. Na yeye aliufanya akiwa si mwanafunzi tena, asubuhi ya ukaguzi, juu ya bastola mpya aliyokabidhiwa rafiki yake jana yake. Alikuwa na maonyo mawili. La tatu lingemtoa kazini, na ndoa yake ilikuwa na miezi miwili.

Mkaguzi aliinua ile bastola, akauliza nani ameifanya hivi. Fundi alitazama buti zake. Rafiki yake akapiga hatua moja mbele.

"Mimi, afande. Niliifungua mwenyewe kwa udadisi."

Wiki ileile rafiki huyo alikuwa avishwe tepe ya tatu, ya usajini. Hakuvishwa, si wiki ile wala baadaye. Wenzake wakambatiza Sajini kwa kumdhihaki, naye akaitika, akatabasamu, na jina likamganda. Fundi alingoja nafasi nzuri ya kumshukuru. Nafasi ikapita, ikapita nyingine, mpaka shukrani ikawa aibu, na aibu ikawa njia ya kupita upande wa pili wa barabara.

Siku mbili aliifanyia kazi. Alilainisha mtutu, akaondoa mikwaruzo midogo ya funguo na sarafu. Alipofika chini ya pini alikata kipande kidogo cha msasa, akakikunja, akakiweka juu ya mkwaruzo. Ilihitaji kusugua mara ishirini hivi. Ingekwisha. Askari wangeichukua Alhamisi, na duniani kusingebaki alama yoyote ya asubuhi ile, isipokuwa jina la mzee asiyeona.

Kidole kilikaa hapo mpaka kikafa ganzi. Kisha akautupa msasa, akachemsha maji ya kuirudishia weusi.

Jumatano, mwanamke alipokuja, Fundi alikuwa amevaa koti.

"Nitakusindikiza," alisema. "Nina neno na baba yako."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, karibu na redio iliyokuwa ikikwaruza. Bintiye aliizima. "Baba, nimekuletea bastola yako. Ishike."

Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokezwa mtoto mchanga. Vidole vikatembea juu ya mtutu. "Mh! Imeota ngozi mpya." Vikateremka, vikatafuta, kidole gumba kikatulia chini ya pini. Akageuza sikio upande wa mlango.

"Nani yuko hapo mlangoni?" aliuliza.

"Ni fundi aliyeitengeneza, baba."

"Fundi asiyejua kazi. Ameacha mkwaruzo."

"Ule ni wangu," alisema Fundi. Sauti ilimtoka ndogo. "Niliufanya mimi."

"Najua. Nilikuwepo." Mzee alicheka, meno mawili tu yakaonekana. "Mwanangu, mpe kiti huyu mtu kabla hajaanguka. Alikuwa hivihivi, anatetemeka kama mwizi wa kuku."

Fundi alikaa. "Tepe yako..." alianza.

"Tepe niliisahau mwaka uleule. Sajini ni nani? Ni mtu wa kupigiwa kelele na wengi zaidi." Mzee aliipapasa bastola, sauti ikashuka. "Siku moja ulinipita getini. Nilikuinulia mkono. Ukajifanya unafunga kamba za viatu."

"Nakumbuka."

"Ulivaa ndala."

Bintiye alicheka, kisha akajizuia, akaenda jikoni. Fundi aliinamisha uso. Chozi lilipomtoka hakulifuta. Si kwa kuwa mzee haoni; hakuona tena sababu ya kujificha.

"Mama watoto alinitangulia," alisema mwishowe. "Mwaka wa tatu."

"Nilisikia. Nilitaka kuja mazishini, lakini mwanangu alikuwa mbali, sikuwa na wa kunishika mkono." Mzee alinyoosha mkono hewani, ukapapasa, ukapata goti la Fundi, ukatulia hapo. "Pole, ndugu yangu."

Walikunywa chai. Walisema machache: magoti, bei ya dawa, yule afande wa ukaguzi aliyekufa akiwa bado na hasira. Fundi aliposimama kuondoka, mzee alikohoa.

"Hii redio yangu inakwaruza. Uje siku moja uitazame."

"Mimi si fundi wa redio."

"Hata." Mzee aliigeuza bastola mapajani, kidole gumba juu ya ule mkwaruzo. "Redio ni nzima. Huwa naiachia ikwaruze, nisikie kana kwamba kuna mtu. Njoo tu."