Mawe Meupe Katikati ya Ngano

Mwaka ule shamba letu la ngano lilivuka lengo, na sisi tuliolivusha tukapewa zawadi ya kwenda kutazama mawe. Sitanii. Shamba la jirani waligawiwa mabati na khanga. Sisi Ndugu Meneja alituamulia ziara ya mafunzo kwenye hifadhi ya taifa, tukaone mapango ya mawe ya chokaa na wanyama adimu. Mimi nimezaliwa Nambis, ambako ukipiga jembe mara mbili, la tatu ni jiwe. Tangu utoto wangu nilikuwa nikiyaokota shambani na kuyatupa pembeni, kumbe nilikuwa natupa urithi.

Naitwa Kornelia, mama Zita kwa wenye adabu, na nilikuwa mpishi wa kantini. Shamba letu chini ya Mlima Hanang lililisha mkate miji ambayo sijawahi kuiona. Mimi kila mchana nilisonga ugali, maana unga wa ngano haukuwa kwenye mgao wetu. Mkate tuliuona kwenye picha, ukutani mwa ofisi.

Tulikwenda na lori la shamba. Mbele alikaa Ndugu Basili, meneja wetu, mtu wa shahada na miwani. Nyuma tulibanana wafanyakazi bora, akiwamo Sulle, dereva wa trekta kutoka Endagikot. Juu ya tairi la akiba alikaa Gidahosh, mlinzi, ambaye hakuwa bora wa mwaka wowote. Alichukuliwa ili alinde lori wakati sisi tunashangaa mawe.

Gidahosh alikuwa Mbarbaig, mtoto wa wafugaji waliolisha uwanda ule kabla haujapimwa. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa heshima, na kwao mzee wa namna hiyo hazikwi kimyakimya. Wanamjengea kilima cha udongo, wenyewe wanakiita bung'ed. Koo zinakusanyika miezi na miezi, pombe ya asali inanywewa, kilima kinapanda. Kikikamilika, mzee amekaa mahali pake na watoto wake wanajua pa kumkuta. Sasa kilima hicho kilikuwa ndani ya kipande kipya cha shamba, kile ambacho Sulle alipangiwa kukilima Jumatatu, mara tu tukirudi. Vilima vingine vilishalimwa miaka ya nyuma. Tuliambiwa ngano ilistawi vizuri sana juu yake, na tuliambiwa hivyo kama habari njema.

Gidahosh alikwisha kwenda ofisini kuomba. Ndugu Basili alimsikiliza kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, kisha akamweleza kwamba ramani haioneshi kaburi lolote. Akamfunulia ramani ajionee mwenyewe. Ni kweli, halikuoneshwa. Gidahosh akamfuata Sulle, na Sulle akajibu kwamba ana watoto. Akaja kwangu jikoni nikampa ugali, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, lakini hasira ya mpishi hugeuza nini zaidi ya mwiko?

Basi, tukafika hifadhini. Wanyama adimu walikuwa adimu kwelikweli. Faru tuliambiwa yupo. Tulioneshwa kinyesi chake, tena kikavu, na Ndugu Basili akakipiga picha. Mbwa mwitu walikuwa wamehamia upande mwingine wa mto. Choroa, yule mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alionekana wiki iliyopita na wageni waliokuwa na bahati. Tuliokutana nao ni nyani, na hao hawakuwa adimu hata kidogo. Waliniibia viazi vyote nilivyowachemshia wafanyakazi bora wa taifa.

Mawe lakini yalikuwapo, na siwezi kusema uongo, yalikuwa mazuri. Yalisimama meupe kati ya miti, mengine yametobolewa na mvua. Ndani ya pango yalining'inia kutoka juu kama viwele vya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Ndugu Basili alifurahi mpaka akatuma mtu amwite hata Gidahosh, aache lori, naye ajifunze uhifadhi. Mwongozaji, kijana mmoja aitwaye Tomaso, alitueleza kwamba maji yanadondoka tone kwa tone, na kwamba jiwe la urefu wa kidole limeanza kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Sulle akaona kiti, akakaa. Alinyanyuliwa haraka na kuambiwa kuwa amekalia urithi.

Hapo Ndugu Basili akavua miwani, akaifuta. Nadhani machozi yalimlengalenga.

"Ndugu zangu," akasema, "taifa lisilotunza yaliyokuwapo kabla yake haliwezi kwenda mbele."

Tukapiga makofi. Nilimtazama Gidahosh, naye alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

Kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akamuuliza Tomaso mahali panafanywaje mpaka pawe hifadhi. Tomaso akaanza na habari za sheria na bunge. Gidahosh akatikisa kichwa. Alitaka kujua dereva wa trekta, akifika, anajuaje kwamba asipite. Tomaso akacheka, akamwonesha mzunguko wa mawe madogo yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia, na kibao kimoja.

"Hivyo tu," akasema. "Mtu wa nchi hii havuki mawe meupe. Anajua kuna mkubwa nyuma yake."

Na ni kweli tupu. Miaka ile, ukisikia mgeni rasmi anakuja, sukari haipatikani, sabuni haipatikani, lakini chokaa ya kupaka mawe inapatikana. Mawe ya ofisi ya wilaya Katesh yalipakwa, ya zahanati isiyokuwa na dawa yalipakwa, na stoo yetu ilikuwa na ndoo nzima ikimngoja mgeni wa sikukuu ya mavuno.

Jumapili, tukiwa tumesharudi shambani na wenzangu wako kanisani, mimi nilikosa misa. Gidahosh alisomba mawe, akayazungusha kwenye kilima cha baba yake, akayapaka moja moja, polepole, akiongea nayo kwa lugha yao. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilisomeshwa na masista mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu ulisifiwa. Nikachukua ubao wa sanduku la vipuri, nikaandika: ENEO LA HIFADHI. NI MARUFUKU KUVUKA MAWE. KWA AMRI.

Amri ya nani, sikuandika. Katika maisha yangu sijaona mtu akiuliza.

Jumatatu Sulle alifika na trekta, akasimama, akashuka, akasoma. Akavua kofia. Akapanda tena, akalima akizunguka kwa mbali, vizuri kuliko alivyowahi kulima. Ndugu Basili aliitwa. Alikizunguka kilima, akasoma kibao zaidi ya mara moja, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna gari la mkoani lililopita wakati yeye hayupo. Hakuna aliyejua. Nilimwona akifikiria kupiga simu kuuliza, kisha nikamwona akifikiria jibu atakalopewa. Akaagiza mawe yaongezwe chokaa.

Sikukuu ilipofika, mgeni rasmi aliona duara jeupe katikati ya ngano, akauliza. Ndugu Basili akakohoa, akasema huo ni mpango wa shamba wa kutunza yaliyokuwapo kabla yake. Mgeni akampa mkono. Akaagiza papatiwe mlinzi wa kudumu, na asiruhusiwe mtu yeyote kukanyaga. Na mlinzi, nani mwingine? Gidahosh akapewa koti la kaki na filimbi. Nilicheka jikoni peke yangu mpaka nikaunguza maharage.

Kicheko kiliniisha siku mama yake alipokuja.

Alikuwa bibi kizee, amevaa ngozi na bangili za shaba, na mkononi alishika kibuyu cha samli ya kumpaka mumewe, kama desturi yao. Ilikuwa mchana kweupe. Ndugu Basili alikuwa amesimama barabarani na wageni wake akiwaonesha duara, na mimi nilikuwa nimewaletea chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa akitazama mawe. Akamuuliza mwanawe kitu. Gidahosh akamwonesha kibao, mwandiko wangu ule mzuri, akamweleza kilichoandikwa. Yule mama akauliza tena. Sijui lugha yao vizuri, lakini swali lile nililielewa: na mimi pia?

Nilitamani ardhi inimeze. Tulimwokoa mzee na trekta, tukamfungia nje mke wake.

Gidahosh alisimama kidogo, koti la kaki limemkaa vibaya mabegani. Kisha akageuka, akampa mama yake mgongo, akakaza macho kwenye ngano kama mlinzi aliyesikia mwizi upande ule. Nyuma yake bibi akainua mguu, akavuka.

Ndugu Basili alikuja mbio, akamuuliza kwa ukali kama hajamwona mtu akiingia.

"Ndugu Meneja," Gidahosh akajibu, bila kugeuka, "mimi naangalia trekta."