Mto wa Kiti cha Mbele

Mgeni alikuja Jumapili asubuhi, kabla ya chai, akiwa amekumbatia mto. Haukuwa mto wa kulalia. Ulikuwa wa kukalia, mnene, wa kitambaa cha kijani, wenye mikanda miwili ya kuufungia kwenye kiti. Viatu vya mzee huyo vilikuwa vimeshika tope hadi kwenye kamba. Ofisa mipango alisimama mlangoni, mswaki ungali mkononi, akijaribu kukumbuka alipata kumwona wapi.

"Hunijui, binti," mzee alisema baada ya kuamkiwa. "Mimi ndiye nakujua. Ulikuja kwetu kilimani ukatuonyesha ramani."

Ofisa mipango akamkaribisha ndani.

Mzee alikuwa fundi cherehani. Alikaa ukingoni mwa kochi, mto mapajani, akaeleza shida yake bila kupandisha sauti. Jioni ile ya mkutano alimsikia binti huyu akisema kwamba moshi wa magari madogo unazidi kuipasha dunia joto, kwamba kanda nzima ilikuwa mbioni kujiwekea lengo la kuupunguza, na kwamba basi lingeanza kupanda kilima asubuhi na kushuka jioni. Maneno yalimwingia. Alirudi nyumbani, akazungumza na mkewe, wakauza gari lao. Nguzo ya kituo ilikuwa imekwisha kusimikwa, na rangi yake ilikuwa bado mbichi. Wangetilia shaka nini?

Mkewe alikuwa amepata kiharusi, na kila Alhamisi alitakiwa hospitali kwa mazoezi ya viungo. Walikuwa wakiteremka hadi kwenye nguzo na kungoja. Kwa kuwa hapakuwa na benchi, mzee alimkalisha mkewe juu ya mto huo, ambao zamani ulikuwa wa kiti cha mbele cha gari lao. Madereva wa magari ya kukodi, wakisikia tu jina la kilima msimu huu wa mvua, walikata simu. Mkono wa mama ulikuwa umeanza kufunguka vidole. Sasa ulikuwa unajikunja tena.

"Sikuja kugombana," mzee alisema. "Nataka kujua tu basi linakuja lini, nipate la kumwambia mke wangu."

Kazini ofisa mipango aliitwa Mama Moshi, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Kazi yake ilikuwa kukadiria moshi wa kila gari la abiria katika kanda, na aliifanya kwa moyo wote, kama mtu anayeuguza. Kwenye hesabu zake, mstari wa njia ya basi ukichorwa kwenye ramani, basi hilo lilihesabiwa kuwa linatembea. Watu waliteremka kwenye magari yao, wakapanda basi, moshi ukashuka, na yote hayo yalitokea kwenye karatasi. Mstari wa kilimani ndio uliolifikisha lengo mahali alipolitaka, juu kabisa, mahali ambapo kanda jirani zingeona aibu kubaki nyuma. Siku chache kabla ya ule mkutano, idara ya fedha ilimwarifu kuwa mabasi ya kilimani yameahirishwa bila tarehe. Alikusudia kulisema hilo mwishoni. Lakini watu walipiga makofi kabla hajafika mwisho, naye akawaacha wapige. Tangu hapo alikuwa akijiambia kwamba hakusema uongo hata neno moja.

"Halina tarehe, mzee," alisema sasa.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Na siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Fundi hakumlaani. Alinyoosha mkunjo kwenye kitambaa cha mto, kazi ya vidole vilivyozoea kunyoosha vitambaa vya watu, na ukimya wake ndio uliomtoa ofisa mipango maneno ambayo hakuwa ameyapima: "Alhamisi nitawapeleka mimi. Kila Alhamisi, mpaka basi lije."

Hakuwa na gari. Alikuwa mtu wa baiskeli na miguu, na alikuwa amejiapiza kutomiliki gari maisha yake yote. Jioni alikwenda kwa kaka yake, mwoka mikate, aliyekuwa na gari kuukuu lililotoa moshi mweusi kiasi cha majirani kuanua nguo kila lilipowashwa. Kaka alicheka hadi akaketi.

"Yaani Mama Moshi amekuja kuniomba moshi."

"Cheka umalize, kaka, halafu unipe ufunguo."

Alimpa. Yeye mwenyewe asingeweza kuwapeleka, maana asubuhi zote alikuwa mbele ya tanuri. Akamwonya tu kwamba gari likizimwa, kuwaka tena ni majaliwa.

Jumanne habari ikaja kuwa kikao cha baraza cha kupitisha lengo kimesogezwa hadi Alhamisi asubuhi. Mkuu wake, aliyependelea lengo dogo lisiloudhi mtu, alimwambia kwa upole kwamba asipokuwepo kulitetea lile kubwa, hakuna atakayejisumbua kulitetea. Aliomba saa zibadilishwe, ikashindikana. Akashika simu ampigie fundi. Maneno alikuwa nayo tayari: Alhamisi hii moja tu, mzee wangu, ni jambo la kanda nzima, la watoto na wajukuu. Yalikuwa maneno mazuri, na yote yalikuwa kweli. Alipoyarudia moyoni aliisikia sauti yake ya kilimani, ile ya kabla ya makofi, akairudisha simu mezani. Makabrasha yake alimkabidhi mchora ramani, kijana msikivu aliyekuwa akiogopa hata kuagiza chai kwa sauti.

Alhamisi alikikwea kilima kwa gia ya kwanza, tope likirukia vioo. Fundi aliufunga mto kwenye kiti cha mbele, wakamwingiza mama pamoja, mmoja huku na mmoja kule. Mama alisikiliza injini kwa muda.

"Gari hili," alisema, akitafuta kila neno, "ni mgonjwa kuliko mimi."

Walicheka wote, na kicheko kilimchoma ofisa mipango mahali fulani.

Walikuwa wamekwama kwenye foleni karibu na mzunguko wa barabara, kila gari na mtu wake mmoja, simu ya ofisa mipango ilipoita. Fundi, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliipokea, akaiweka kwenye spika na kumnyooshea. Mchora ramani alikuwa ananong'ona.

"Dada, wanauliza ile njia ya kilimani inakuja kweli au vipi. Nimetoka nje kidogo. Niwaambie nini?"

Kwenye kioo aliyaona macho ya fundi yakigeukia dirishani, kama mtu anayempa mwenzake faragha.

"Waambie haina tarehe."

"Nikisema hivyo lengo linaanguka, dada. Unajua."

"Najua. Waambie."

Ujumbe ulimkuta kwenye baraza ya hospitali: lengo dogo limepita. Aliusoma mara moja, akaitia simu mfukoni. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa humo, na hakuwa na wa kumlaumu. Nyuma ya pazia alimsikia mtaalamu wa viungo akihesabu, na mama akivuta pumzi, na mpira mdogo ukidunda sakafuni. Fundi akauokota. Ukadunda tena.

Gari liliwaka kwa kusukumwa na walinzi wawili. Walipofika chini ya kilima, jirani mmoja, mama mwenye kapu, alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kituo. Hakuwa akingoja kitu. Alikuwa amepumzika tu kabla ya kupanda. Walimwita aingie, akakataa kwa sababu ya tope la miguuni. Aliinama dirishani, akautazama mto wa kijani, akamtazama dereva.

"Alhamisi ijayo mtapita hapa saa ngapi?"

Ofisa mipango aliishika gia bila kuitia.

"Saa moja asubuhi," alisema. "Saa moja kamili, mama."

Akaondoa gari. Kwenye kioo cha pembeni aliuona moshi mweusi ukiizunguka nguzo, na yule mama akiupunga kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeaga.