Kimya cha Feni

Naapa kwa masharubu yangu, ambayo kila aliyewahi kuketi nami kibarazani anayajua: haya ninayosimulia ni kweli tupu, hayana hata punje ya chumvi. Yale mengine niliyowahi kusimulia siwezi kuyatetea yote. Yule nyuki niliyemfundisha kubisha hodi, tumwache kwanza. Hili la kompyuta lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Binti yangu anachora ramani za majengo. Chumba cha nyuma amekigeuza ofisi, na humo ana kompyuta ya kazi nzito. Usidhani ni hizi za kupakata. Hii ni sanduku jeusi linalokaa chini ya meza, zito kama mkwe asiyetaka kuaga. Fundi aliyeifunga alisema chumba kina joto na mashine itaungua, basi akaingia kwenye mipangilio yake na kupandisha feni hadi mwisho. Tangu siku hiyo ikawa inavuma kama pampu ya kisima. Pazia lilikuwa likiinama upande wake. Paka wetu akipita karibu alilazimika kushika mguu wa meza.

Nami tangu nistaafu nina kazi moja ya kudumu, nayo ni usingizi wa mchana. Chumba hicho ndicho pekee kilicho mbali na barabara, kwa hiyo mkeka wangu ulikuwa humo, nyuma ya mabunda ya karatasi za ramani.

Siku hiyo, tukiwa mezani, binti yangu akaniangalia.

"Baba, leo mteja anakuja. Daktari, anataka kujenga zahanati. Kuna mchoraji mwingine anamvizia, na akikuta michoro haifunguki, ndiyo basi. Tafadhali usiiguse ile mashine."

"Mimi tena! Niiguse kwa lipi?"

"Juzi nilikukuta kwenye mipangilio."

"Nilikuwa natazama tu, mwanangu. Kutazama si kubadilisha."

"Sawa. Ukibadilisha kitu, hata kimoja, unanyoa masharubu."

Mama yake alicheka hadi akapaliwa. Mke wangu huyu husema alikubali kuolewa ili siku moja aone kilicho chini ya masharubu haya, na mpaka siku hiyo alikuwa hajaona.

"Nimekubali," nikasema, na nikayasokota ncha mbele yao wote.

Baada ya chakula nikajinyoosha mkekani. Binti yangu akaingia, akaweka ramani zake sawa, akaiacha kompyuta ikiwaka kwa kuwa huchukua muda kuamka, akatoka kwenda kumpokea daktari. Hakuniona nyuma ya mabunda. Siku zote mlango ule huzuiwa kwa tofali ukae wazi. Siku hiyo akaondoa tofali na kuufunga nyuma yake.

Niliamshwa na feni. Nikasema nitoke nikalale kwingine. Nikashika kitasa, nikakikandamiza chini. Hakikwenda. Nikakandamiza kwa mikono miwili, kisha kwa kiwiko, kisha kwa uzito wangu wote wa kustaafu. Wapi! Na mlango ule niliutundika mimi mwenyewe, kitasa nikakifunga mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, kazi ambayo seremala mmoja alipoiona aliondoka bila kusema neno.

Nimefungiwa, nikajua. Dirisha ni moja, nalo lina nondo, nazo nilizichomelea mimi nikihofia wezi. Nilizipanga karibukaribu hata mjusi huingia kwa ubavu. Simu nilikuwa nimeiacha kitandani. Nikaita, lakini feni ikaimeza sauti yangu yote na kunirudishia upepo wa moto usoni. Kuta zile nilizijenga kwa jasho langu, na sasa zilikuwa zimenikalia kifuani. Nikaketi. Nikasimama. Nikaketi tena. Ukiwa umefungiwa na kelele, haiwi kelele tena, inakuwa mtu wa pili chumbani, na mtu huyo hanyamazi.

Basi nikafikiri: nikishindwa kutoka mimi, angalau itoke kelele.

Nikaizima kompyuta na kuiwasha tena, huku nikigonga kile kitufe cha juu ya kibodi kabla mfumo haujaamka. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Kwa asiyeujua, huo ni ukurasa unaokaa ndani ya mashine yenyewe, chini kabisa, mahali inapoambiwa iamke vipi: diski ipi, saa ngapi, feni kiasi gani. Hauna picha wala mapambo. Nikashuka kwa mishale hadi penye feni, nikaitoa juu kabisa, nikaiweka chini kabisa.

Hapo ndipo ningesema asante na kufunga. Lakini jicho langu likaangukia mahali palipoandikwa lugha. Nikajiambia, ngoja nione kama na sisi tumo. Nikafungua orodha, nikashuka, nikashuka, hatukuwamo, na katika kurudi juu kidole kikateleza. Ukurasa mzima ukageuka. Herufi nzuri kweli, za kunakshi, ungeweza kuzitarizi kwenye mto, lakini sikujua hata moja inaitwaje.

Nikaanza kupapasa kutafuta njia ya kurudi, kama mtu anayetafuta swichi kwenye giza la nyumba ya ugenini. Nikadhani nimeona mahali pa lugha. Kulikuwa na machaguo mawili, nikachukua lile la pili. Ikaniuliza kitu, nikakubali. Ikaniuliza tena, nikakubali tena, kwa adabu. Ikajizima na kujiwasha, ikaleta skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa nakshi, ikakaa hapo. Ramani za zahanati, kazi yote ya binti yangu, zilikuwa nyuma ya mstari ule.

Sasa tulikuwa wafungwa wawili, mimi na mashine, na daktari yuko njiani.

Uso wa mke wangu ukatokea dirishani. Alikuwa anaanua nguo.

"Baba watoto, unafanya nini humo?"

"Nimefungiwa."

"Umefungiwa?" Akautazama mlango, akanitazama mimi, akatazama tena mlango. Midomo ikamcheza. "Pole sana."

"Acha pole, mke wangu. Nipigie fundi wa kompyuta. Usimwambie ni mimi."

Akapiga, akawasha spika, akaishika simu katikati ya nondo kama anayelisha ndege.

"Shikamoo, mzee," fundi akasema kabla sijafungua kinywa.

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu, kuna rafiki yangu mmoja kompyuta yake imemgeuka lugha, na sasa haiamki."

"Huyo rafiki yako ana masharubu?"

Mke wangu akajiziba mdomo kwa foronya iliyokuwa bado na unyevu.

"Mwambie rafiki yako hivi," fundi akaendelea. "Aingie tena kwenye mipangilio, abonyeze F9. Hicho kinarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na lugha pia. Ikimuuliza, akubali."

Nikabonyeza. Kiingereza kikarudi. Sijawahi kukifurahia hivyo, hata siku niliyokitumia kumtongoza mtu.

"Bado haitaamka," akasema. "Mle kuna diski mbili nilizoziunganisha zifanye kazi kama moja. Kiwandani hawajui hilo. Nenda penye diski, chagua RAID, herufi nne, usichague nyingine."

Nikaenda, nikachagua.

"Na feni, mzee, irudishe juu. Usisahau. Mle ndani ni tanuri."

"Nimekusikia."

Nikasikiliza. Chumba kilikuwa kimya. Ule ukimya wa kiwandani, laini, unakushika shingoni kama mto. Nilisikia saa ya ukutani ambayo nilidhani ilikufa. Kidole kikasimama juu ya mshale, na nafsi ikaniambia: aache mtu amani kama hii?

Nikahifadhi bila kugusa feni. Mashine ikajiwasha, ikafikiri, ikaamka. Picha ya zahanati ikatokea kwenye skrini, na paa lake la bluu. Nilitaka kulibusu.

Geti likalia. Mke wangu akatoweka na nguo zake. Nikajitupa mkekani, nikafunga macho, nikaanza kukoroma kwa mpangilio.

Nikasikia vicheko vya wanawake wawili koridoni. Nikasubiri kusikia ufunguo. Sikusikia ufunguo. Nilisikia kitasa kikinyanyuliwa juu, kwa mkono mmoja, na mlango ukafunguka.

"Karibu, daktari. Usijali kitasa chetu, kilifungwa kichwa chini. Kila mtu hapa hukinyanyua." Kisha akasimama. "Mbona kimya?"

Nikakoroma zaidi.

"Baba."

"Eeh? Mmefika? Nilikuwa nimelala fofofo."

"Feni imefanya nini?"

"Labda imechoka. Hata mimi nilistaafu."

Alikwisha kuinama kushika sanduku kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. "Linachemka! Ingefungua ramani nzima sasa hivi ingejizima mbele ya mgeni." Akaizima mwenyewe, akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio, akapandisha feni. Pampu ya kisima ikarudi. Pazia likainama.

"Hiyo ni kompyuta au mashine ya kusaga?" daktari akauliza, akijishika kitambaa cha kichwani.

"Ndiyo inayobeba zahanati yako," binti yangu akamjibu, na akaifungua michoro. Daktari akavuta kiti. Akauliza wajawazito watakaa wapi wakisubiri, akaonyeshwa ukumbi wenye madirisha mapana, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Huyo mwingine hakufikiria mahali pa kusubiri," akasema. "Tuanze lini?"

Nikaanza kutambaa kuelekea mlangoni.

"Baba, wapi?"

"Nilifungiwa, mwanangu! Mambo niliyofanya humu niliyafanya nikiwa mfungwa. Muulize mama yako, yeye ni shahidi."

Mke wangu alikuwa tayari mlangoni. Mkono mmoja alishika kikombe cha povu la sabuni, mwingine wembe mpya ambao bado ulikuwa kwenye karatasi yake.

"Nilimwona akihangaika," akamwambia daktari. "Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo hata kidogo."

"Na wewe ukanyamaza?" nikalia.

"Nimesubiri miaka mingi, mume wangu. Kaa hapo kwenye mwanga."

Nikakaa. Daktari akageuza kiti chake aone vizuri.